Kabla ya kuyavulia nguo maji ya Osieko

Shule zinapofungwa mwezi Agosti au Disemba, mabasi yanayotoka Nairobi, Nakuru na Eldoret kuelekea Busia hujaa watoto wa mjini wanaokwenda kuwaona babu na nyanya zao. Wengine hufika hadi mji wenyewe wa mpakani, huko ambako jina "boda boda" lilizaliwa zamani, watu walipokuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda. Kisha safari huelekea kusini. Joto huongezeka, ardhi hulala tambarare kama mkeka, na mara, mbele ya macho yako, ziwa!

Msomaji mpenzi, kama hujawahi kufika pande za Bunyala, jua kwamba Osieko ni ufuo wa wavuvi ulio kusini mwa mahali Mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani, ubavuni mwa kinamasi kikubwa cha Yala. Upande mmoja kuna mafunjo marefu kuliko mtu, upande wa pili kuna maji yasiyo na mwisho. Kwa mtoto aliyezoea kuoga kwa karai, kwa kuwa mfereji wa mtaani kwao hutoa maji mara mbili kwa juma, maji yote hayo ni karamu aliyoandaliwa yeye peke yake. Haitapita nusu saa kabla hajauliza: "Tuingie?"

Hapo ndipo mzazi hubabaika. Ukikataa katakata, mtoto ataingia siku ambayo humwoni, akiandamana na binamu zake. Ukikubali bila kufikiri, umemkabidhi kwa maji usiyoyajua. Jibu la busara ni la tatu: "Ngoja kwanza tuulize." Tuulize tuingilie wapi, saa ngapi, tukiwa na nani, na tukisharudi mjini tufanye nini. Maana wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi afadhali maswali yaulizwe nguo zikiwa bado mwilini.

ZIWA SI BWAWA LA HOTELI

Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na Waganda huliita Nalubaale, lina eneo la takriban kilomita 68,800 za mraba. Ni ziwa la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa yale ya maji yasiyo na chumvi. Limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, nasi Wakenya tuna sehemu ndogo tu, yapata asilimia sita. Lakini hata hiyo asilimia sita inatosha kummeza muogeleaji hodari.

Vijana wengi wa mjini hujifunza kuogelea, ikiwa wamejifunza, katika kidimbwi cha shule au cha hoteli. Kidimbwi kina kuta nne. Maji yake huoneka hadi chini, kina chake kimeandikwa ukutani, na ukichoka unashika ukingo. Ziwani hakuna lolote kati ya hayo. Maji ya Osieko yana rangi ya udongo, hasa mvua inaponyesha, nawe hutaona mguu wako mwenyewe ukiwa umesimama katika maji ya kiunoni. Hatua moja ni mchanga mgumu, hatua inayofuata ni shimo.

Wale waliozoea kuogelea Mombasa au Malindi pia wasijidanganye. Maji ya chumvi humwinua mtu; maji baridi ya ziwani hayamwinui kiasi hicho. Yule aliyekuwa akielea Bahari Hindi bila jasho atajikuta Ziwa Victoria akizama zaidi na kuchoka mapema zaidi.

Isitoshe, ufuo wenyewe si ule wa miaka iliyopita. Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kuvuka rekodi iliyowekwa mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena. Kandokando ya ziwa, mahali palipokuwa na vibanda, nyua, miti na vyoo vya shimo palifunikwa na maji. Yanaposhuka, hayarudishi kila kitu kama kilivyokuwa. Mjomba anaweza kukwambia, "Sisi tuliogelea hapa tukiwa wadogo," naye akawa anasema kweli tupu, lakini chini ya mahali hapo leo pakawa na kisiki, nguzo au shimo ambalo wakati wake halikuwepo. Kwa sababu hiyo, usimruhusu mtu yeyote kupiga mbizi kwa kichwa ziwani. Ingia kwa miguu, polepole, ukipapasa. Shingo iliyovunjika haina fundi.

MDOMO WA MTO

Kuna mahali pamoja ambapo hata mwenyeji hapafanyii mzaha, napo ni pale mto unapokutana na ziwa. Mto Nzoia huanzia mbali, milima ya Cherangani na Mlima Elgon. Unaweza kuwa umesimama Bunyala jua likiwaka, anga safi, kumbe jana huko Kitale ilinyesha mvua ya mawe. Maji hayo yako njiani. Yanapofika huja na magogo, matope na mkondo wenye nguvu unaomsukuma mtu ndani kabisa ya ziwa. Wakazi wa Budalangi, ambao kwa miaka mingi wamehamishwa na mafuriko kingo za mto huo zinapobomoka, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Ni mgeni anayehitaji.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: usiogelee kwenye mlango wa mto, wala karibu nao, hata maji yakionekana yametulia.

Kanuni ya pili: kaa mbali na mafunjo na magugumaji. Gugu hili geni, lenye ua zuri la rangi ya zambarau, lilivamia Ziwa Victoria kuanzia mwisho wa miaka ya themanini na halijatoka. Upepo hulisukuma kama kisiwa kinachotembea. Unaweza kuingia maji yakiwa wazi, na ukigeuka baada ya dakika ishirini ukakuta zulia la kijani kati yako na nchi kavu. Mizizi yake huning'inia na kuzinga miguu. Humo humo hujificha nyoka, konokono na pengine mamba. Kiboko naye hupenda maji tulivu ya kando ya kinamasi. Mchana hujizamisha, usiku hutoka kwenda kula majani, na alfajiri hurudi majini kwa njia ile ile. Ukiona njia pana iliyokanyagwa ikitoka kwenye nyasi kuingia ziwani, usidhani ni ya ng'ombe. Uliza.

Kanuni ya tatu: maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi ya kupakia ukuta, usiingie, wala usimruhusu mtoto kuchezea ukingoni. Utando huo ni wa vijiumbe ambavyo baadhi hutoa sumu inayodhuru ngozi, tumbo na ini.

MFA MAJI HUNYAMAZA

Kiswahili kina methali isemayo kwamba mfa maji haishi kutapatapa. Methali ni nzuri kwa mafunzo ya maisha, lakini kwa mzazi aliyeketi ufuoni inaweza kumpoteza. Tumezoea kuona katika filamu mtu anayezama akipiga kelele, akipunga mikono, akiita msaada. Ukweli ni tofauti. Mara nyingi anayezama hupigania pumzi tu. Mdomo wake huzama na kuibuka, huzama na kuibuka, naye hana nafasi ya kupiga ukelele. Mikono yake husukuma maji kwa pembeni, haipungi. Kichwa huelekea nyuma, macho hukodoka. Kwa mtoto mambo haya huweza kumalizika kwa muda usiofika dakika moja, mita kumi kutoka kwa watu wanaokula samaki na kucheka.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ndio mwaka huo huo ambao Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Kumbuka pia kwamba kuwa karibu na nchi kavu si kinga. Ile feri ya MV Nyerere, iliyopinduka Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya mia mbili, ilizama ikiwa imekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara upande wa Tanzania.

Basi nani amtazame mtoto? Jibu la "sote tunamtazama" maana yake ni kwamba hakuna anayemtazama. Chagueni mtu mzima mmoja kwa zamu ya nusu saa. Huyo hasomi gazeti, hashiki simu, hanywi pombe. Kazi yake ni kuhesabu vichwa. Mtoto asiyejua kuogelea awe katika umbali wa mkono wa mtu mzima, si umbali wa kuitwa. Na asiingie maji yanayopita kiuno chake.

Kijana anayejua kuogelea naye ana masharti yake. Asiende peke yake. Asielekee katikati ya ziwa, bali aogelee sambamba na ufuo, mahali ambapo akichoka anaweza kusimama. Kabla ya hapo, huko mjini kwenye kidimbwi, ajifunze jambo moja ambalo wengi hulidharau: kulala chali juu ya maji, masikio yakiwa ndani, kifua juu, akipumua taratibu bila kusogea. Anayeweza kukaa hivyo dakika tano ana nafasi ya kuokolewa. Anayejua mitindo yote lakini hawezi kutulia atachoka, na uchovu ndio unaoua.

KITISHO KIDOGO KULIKO CHAWA

Waulize watoto wa mjini wanaogopa nini ziwani, nao watakujibu kwa sauti moja: mamba! Naam, mamba yupo na si wa kuchezewa. Lakini kiumbe kinachowapata waogeleaji wengi kuliko mamba hakina meno, na wala huwezi kukiona kwa macho. Ni kibuu cha kichocho.

Kisa chake ni hiki. Mtu mwenye ugonjwa huu akijisaidia ufuoni au majini, mayai ya minyoo huanguliwa na vibuu vyake huingia ndani ya konokono wa maji baridi. Baada ya majuma kadhaa konokono huyo huanza kumwaga majini vibuu vingine, maelfu kwa maelfu, vyenye mkia. Hivi ndivyo humtafuta binadamu. Vikimgusa, hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha katika muda wa dakika chache tu, huacha mkia nje, na kuingia katika damu. Huko hukua na kuwa minyoo iishiyo miaka mingi, ikitaga mayai kila siku. Mayai hayo ndiyo huharibu utumbo, ini na bandama. Aina nyingine hushambulia kibofu na kumfanya mtu akojoe damu. Pande za Ziwa Victoria, aina ya tumboni ndiyo iliyotawala.

Minyoo hii iligunduliwa jijini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz, na ndiyo maana ugonjwa huitwa pia bilhazia. Wala usidhani ni balaa la Afrika pekee. Mwaka 2013 watu waliokwenda kustarehe katika mto Cavu, kwenye kisiwa cha Corsica nchini Ufaransa, waliambukizwa kichocho. Waliogunduliwa walizidi mia moja. Mto ule ulikuwa na maji maangavu, mawe meupe na miti ya kupendeza. Konokono hajali uzuri wa mandhari.

Kuna wanaodai kwamba ukijipaka mafuta, ukinywa kikombe cha chai ya tangawizi au ukijifuta haraka basi umepona. La hasha! Kujifuta kwa nguvu kwa taulo kunaweza kusaidia kidogo ikiwa ulilowa kwa muda mfupi sana, lakini si ngao ya mtu aliyecheza majini saa nzima. Ukweli mchungu ni kwamba hakuna pembe ya Ziwa Victoria ambayo mtu anaweza kukuapia haina kichocho. Unachoweza kufanya ni kupunguza hatari, halafu kupimwa.

SAA YA KUINGIA

Hapa, msomaji, ndipo hesabu inapokuwa ngumu, maana hatari moja ikipungua nyingine huongezeka.

Vibuu vya kichocho hutoka kwa konokono jua linapopanda, na huwa vingi zaidi kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane au saa tisa mchana. Hiyo ndiyo saa watoto wanayoipenda, kwa sababu ya joto. Alfajiri vibuu huwa vichache, lakini ndiyo saa ya kiboko kurudi majini, na mwanga hafifu humfaa mamba. Alasiri upepo hutoka ziwani na kuinua mawimbi. Usiku ndio kabisa: ni wakati wa ngurumo na dhoruba juu ya ziwa, na wavuvi wa omena wenyewe huwa macho wakiangalia mawingu.

Ukiyajumlisha yote, unabaki na dirisha dogo: jua likishachomoza vizuri na ufuo ukishakuwa na watu, hadi kama saa tatu au saa tatu na nusu asubuhi. Hata hivyo, saa hiyo mashua za omena huwa zinarudi na mzigo, injini zikinguruma. Pangaboi la mashua halimjui mgeni wala mwenyeji. Kwa hivyo chagua sehemu iliyo wazi, yenye mchanga, iliyo mbali na mahali mashua zinapotia nanga, mbali na nyavu na mishipi ya mbuta, na mbali na mafunjo. Kaa majini muda mfupi. Ukisikia radi hata kwa mbali, toka maji, toka ufuoni, na usijikinge chini ya mti.

WENYEJI NDIO BENDERA

Nchini Ufaransa, ukienda kijijini wakati wa kiangazi, utakuta maziwa mengi madogo yenye sehemu maalumu za kuogelea. Hukuta maboya yaliyopangwa kuonyesha mwisho wa eneo, mlinzi aliyefunzwa, na bendera: ya kijani ikimaanisha ingia, ya manjano ikimaanisha tahadhari, nyekundu ikimaanisha usithubutu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama kupima maji ya sehemu hizo na kuwatangazia watu matokeo. Hata huko, watu hufa maji kila mwaka, na wengi ni wale wanaokwenda kuoga mahali pasipo na mlinzi.

Osieko usitarajie bendera wala mlinzi aliyeketi juu ya kiti kirefu. Lakini usiseme hakuna mamlaka. Fuo za wavuvi nchini Kenya zina vikundi vya usimamizi, maarufu kama BMU, ambavyo vimewekewa kanuni za kisheria tangu mwaka 2007. Kazi yao hasa ni mambo ya uvuvi, lakini hakuna watu wanaoujua ufuo kuwazidi. Wanajua ni wapi mchanga ulichimbwa pakabaki shimo. Wanajua ni lini kiboko alionekana mara ya mwisho. Wanajua ni upande gani watu hujisaidia, na kwa hivyo ni upande gani usiufikirie kabisa.

Lakini mtu haendi kwa wenye maji mkono mtupu wa adabu. Usifike ufuoni umevaa kaptura na miwani ya jua ukaanza kuuliza kwa kidole, "Hapa ni safi?" Fika, salimu. "Mulembe" itakufungulia mlango kwa Wanyala, na kwa jirani zao Wajaluo, salamu ya Kiswahili yenye heshima haijawahi kukataliwa. Mwite mzee kwa jina la mzee. Jitambulishe u mwana wa nani, umefikia kwa nani. Kisha uliza, nawe unyamaze usikie. Ukiambiwa, "Leo msiingie," usitafute wa pili wa kukuambia unachotaka kusikia. Hiyo ndiyo bendera nyekundu ya Osieko. Imevaa shati tu.

MTU AKIZAMA

Msiba mkubwa wa majini ni ule wa watu wawili: aliyezama, na aliyeruka kumwokoa. Ndugu humfuata ndugu, rafiki humfuata rafiki, na jioni familia mbili hulia. Anayezama hushika chochote, na akikukumbatia shingo mtazama pamoja hata kama wewe ni bingwa.

Kwa hivyo usimfuate mikono mitupu. Kwanza piga kelele kuwaita wenye mashua. Pili, mfikie ukiwa nchi kavu au katika maji ya magotini kwa fimbo ndefu, kasia au leso iliyosokotwa. Tatu, ukishindwa kumfikia, mrushie kitu kinachoelea. Hapa kuna siri rahisi ambayo kila familia inaweza kuibeba: mtungi wa plastiki wa lita 20, mtupu, kifuniko kikiwa kimekazwa barabara, kamba ndefu ikiwa imefungwa mkononi mwa mtungi. Tia maji kidogo tu ndani ili uwe na uzito wa kurushika. Mtungi huo ule wa kutekea maji unaweza kumshikilia mtu mzima kichwa chake kikiwa juu mpaka mashua ifike. Uwekeni ufuoni kabla ya mtu yeyote kulowa. Na mkipanda mashua, kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Lililowekwa chini ya kiti halijawahi kumwokoa mtu.

Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini, usimkanyage tumbo, usimzungushe. Mambo hayo hupoteza dakika na huweza kumsukumia matapishi mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Ikiwa haitikii na hapumui sawasawa, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano mdomoni ukiona kifua kikipanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, pumzi mbili, mara 30 tena, pumzi mbili, bila kuchoka, mpaka apumue au msaada ufike. Wenzako wawe wakitafuta gari au pikipiki. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, mpelekeni hospitali. Mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kumgeuka mtu saa kadhaa baadaye.

MKIRUDI MJINI

Likizo imekwisha, sare za shule zimepigwa pasi, ziwa limebaki kuwa hadithi za kusimulia darasani. Hapo ndipo familia nyingi hukosea, kwa kudhani safari imekwisha. Kwa kichocho, safari ndiyo kwanza inaanza.

Huenda jioni ile ile au siku iliyofuata ngozi iliwasha na kutoa vipele. Huenda haikuwasha kabisa. Baada ya majuma matatu, manne au zaidi, mtu anaweza kupata homa, kikohozi, uchovu na tumbo kuuma. Mjini kila homa ni malaria au homa ya matumbo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mgonjwa hubadilishiwa dawa hii na ile. Kumbe sentensi moja ingemsaidia daktari: "Daktari, nilioga Ziwa Victoria mwezi uliopita." Mwambieni hata asipouliza.

Wasioona dalili nao wasipuuze. Tiba ipo, nayo ni dawa iitwayo prazikwanteli, inayotolewa kulingana na uzito wa mwili. Lakini ina wakati wake. Huua minyoo iliyokomaa, haifanyi kazi vyema kwa ile michanga. Ndiyo maana kuinywa usiku ule ule mliotoka majini hakuwaponyi. Mnajipa tu moyo wa bure. Subirini majuma sita hadi manane tangu siku ya mwisho ya kulowa, kisha nendeni kituo cha afya mkapimwe choo na mkojo. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani kabla hamjasahau.

Na kuna deni jingine. Sisi wageni tunapokwenda haja vichakani karibu na ufuo kwa sababu choo kiko mbali, tunamlisha konokono yule yule. Watoto wa Osieko hawaogi ziwani kwa likizo ya siku tatu. Wanateka maji humo, wanafua humo, wanaoga humo mwaka mzima. Tembea hadi chooni. Ni hatua mia moja tu, nazo ni heshima kwa wenyeji wako.

Msomaji, hakuna anayetaka mtoto wa Kiafrika akue akiliogopa ziwa lake mwenyewe. Maji yale ni ya babu zetu, na furaha ya kuelea juu yake asubuhi ya Disemba haiuzwi dukani. Lakini ziwa halina desturi ya kusamehe, na halijui kwamba wewe ni mgeni. Kabla ya safari yenu ijayo, ketini mezani kama familia na mjibu maswali manne: wapi, saa ngapi, na nani, na baadaye je? Mkiwa na majibu yote manne, ingieni mkafurahi. Mkikosa hata moja, kuna samaki wa kukaanga ufuoni, na mandhari hayatozwi ada.